Mtumbwi wa Mapipa na Maji ya Alhamisi

Kitunguu kilicholala kwenye maji kina harufu yake. Si ile ya jikoni inayotoa watu machozi, wala ile ya kikaangoni inayoita njaa. Ni harufu nzito, tamu kidogo kama togwa iliyosahauliwa, imechanganyika na tope la mfereji na kutu ya chuma. Mimi nina nyumba ya wageni Karatu, kubwa tu, watu wanaijua, na jikoni kwangu vitunguu vinaingia kwa magunia. Gunia moja likiachwa mahali panapovuja, nitajua kabla sijafika mlangoni. Wafanyakazi wangu wanasema bosi ana pua ya mbwa. Nawaacha waseme hivyo. Sijawahi kuwaambia kwamba ile harufu ikinipata huwa nasimama, nashika ukuta, na kwa muda mfupi mimi si mwenye nyumba ya wageni wala mwenye magari saba ya kupeleka watalii kreta kutazama wanyama. Ni mtoto wa miaka kumi, nimekaa kwenye mtumbwi wa mapipa katikati ya mashamba ya Mang'ola, na mtumbwi haujongei.

Niseme mapema, shule sikuimaliza. Niliishia darasa la tatu, tena la kurukaruka. Leo waliotoka vyuoni wananiandikia barua za kuomba kazi, na nazisoma mwenyewe, polepole, mpaka mwisho. Kwa hiyo haya ninayoandika ni kwa mkono wangu, na nisingeyaandika kama jambo lenyewe lisingekuwa limerudi juzi na kukaa mbele yangu.

Wasiojua Mang'ola wajue kwamba ukitoka Karatu unashuka, na ukishashuka unashuka tena, mpaka masikio yanaziba na shati linagandia mgongoni. Kule chini ni vumbi jeupe la Ziwa Eyasi, upepo unaokausha midomo, miba, na mbuzi wa wafugaji wanaokula kila kitu mpaka katoni. Halafu ghafla, katikati ya ukame huo, unaona kijani, kama khanga mpya iliyoangushwa njiani. Hayo ni maji ya chemchemi. Yanatoka chini ya migunga yenye magome ya manjano, baridi, maangavu, yanaingia kwenye mfereji mkuu, na kutoka hapo yanagawanywa shamba hadi shamba. Watu wote wa pale, wenyeji na wa kuja, wanaishi kwa kutazama ule mfereji. Ukimwuliza mtu hali, anakwambia kwanza habari za maji, ndipo aje kwenye habari za watoto.

Mama yangu, ambaye nilimwita Ayo kama sisi Wairaqw tunavyowaita mama zetu, alinipeleka kule kwa kaka yake, Mjomba Bura, kwa sababu baba alikuwa ameenda machimboni na hakurudi. Tulilima naye msimu mmoja. Miche ilipokwisha kupandwa, akapata kazi ya kupika kwenye hoteli ndogo ya Karatu. Akapanda lori la vitunguu asubuhi moja, akakaa juu ya magunia, akanipungia mkono mpaka vumbi likamfunika. Nikabaki na mjomba. Mjomba Bura hakuwa mtu mbaya, ila maneno kwake yalikuwa machache kama maji ya Agosti. Hakuwa na mke, hakuwa na redio. Jioni tulikula ugali tukitazamana, na mimi nilijifunza kutafuna bila sauti, maana sauti ya kutafuna kwangu ndiyo ilikuwa kelele kubwa kuliko zote nyumbani.

Mtumbwi haukuanza kuwa mtumbwi. Lilikuwa hori la kunyweshea ng'ombe. Mjomba alichukua mapipa ya dizeli, akayapasua kwa urefu, nusu mbili akaziunganisha kichwa kwa kichwa kwa ribiti na lami, likawa hori refu lenye ukuta katikati. Ng'ombe wake wawili wakafa kwa ugonjwa wa ndigana, hori likabaki uani linakusanya majani. Siku moja nililiburuta mpaka mferejini nilioshe. Likaelea. Nikaingia. Likazidi kuelea. Sitasahau pale chuma kilipoachana na ardhi. Nilikata mti mrefu, nikausukuma chini kwenye tope, nikaondoka. Watu wa pwani nimesikia wana jina lao la mti huo, upondo, lakini mimi nilikuwa sijawahi kumwona mtu wa pwani wala mtu wa mtumbwi. Niliubuni mwenyewe, na mpaka leo nasema hivyo: chombo cha kwanza kuelea kwenye mfereji wa Mang'ola kilikuwa changu.

Mjomba alipoona, alisimama ukingoni, akasema, "Utabeba miche." Basi, ikawa kazi. Asubuhi nilipakia mafungu ya miche, au kuni, au gunia moja la vitunguu kwenye chumba cha mbele, nami nikakaa cha nyuma. Nilishuka na maji mpaka kwenye kalavati, pale mfereji unapopita chini ya barabara ya malori. Kushuka kulikuwa raha. Matete yalinipapasa mabega, mdiria alinitangulia akiruka kutoka tawi hadi tawi kama anayenionyesha njia, kenge walijirusha majini kwa kishindo, na maji yalipiga chini ya chuma kwa sauti ya kugongagonga kidogo kidogo, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Kurudi kulikuwa jasho. Nilitembea ukingoni nikiuvuta mtumbwi kwa kamba ya katani, chumba cha mbele kitupu na cha nyuma kitupu.

Watoto wenzangu walikuwa mashambani na mama zao, wanang'oa vitunguu kwa makundi, wanaimba, wanatupiana madongo. Hakuna mama aliyemruhusu mwanawe apande chombo changu. Walisema kitazama. Hivyo nilipita katikati yao wakinitazama kutoka pande mbili, kama bwana harusi asiye na bibi harusi. Nilizoea kuongea na kile chumba cha mbele. Nilikieleza habari. Nilikionyesha nyumba: hapa kwa fulani, hapa wana mbwa mkali. Ukiniuliza nilikuwa namwonyesha nani, jibu unalo.

Mgawa maji wetu aliitwa Gwandu, mrefu, mabuti ya mpira mpaka magotini, jembe begani mchana kutwa. Ndiye aliyefunga na kufungua maji, na hakuna aliyempenda, kwa hiyo alijitengenezea mzaha wake mwenyewe wa kujichangamsha. Kila akiniona alisimama kama askari.

"Kapteni! Kapteni wa hori!"

"Naam, baba."

"Abiria wako wapi leo?"

"Wanakuja."

"Wanakuja kwa miguu? Meli ipo, wao wanatembea?" Kisha alicheka peke yake mpaka mbali.

Ndipo dereva wa lori akaleta ujumbe. Nilikuwa kwenye kalavati nashusha gunia, akatoa kichwa dirishani: "Wewe Paskali! Mama yako anasema Alhamisi nashuka naye. Ujipake mafuta, usimwaibishe." Nilirudi nikivuta ule mtumbwi bila kusikia uzito wake. Mpango ulikuwa tayari kichwani. Ayo asingetembea kwenye vumbi. Angeshuka kwenye lori, angenikuta na chombo changu kwenye kalavati, ningempakia chumba cha mbele, ningemwonyesha zile nyumba zote. Angeona kwamba mwanawe si mtoto wa kuachwa. Angekaa.

Tatizo lilikuwa siku yenyewe. Pale chini ya chemchemi mfereji unagawanyika mikono miwili, wetu na wa wenzetu. Jumatatu mpaka Jumatano maji ni yetu. Alhamisi mpaka Jumamosi ni ya wenzetu. Jumapili yanaachwa yaende ziwani. Zamu hiyo watu wa Mang'ola wanaijua kuliko kalenda. Siku ya Alhamisi mkono wetu unakuwa tope na madimbwi ya vyura. Mtumbwi ungeelea wapi?

Alhamisi asubuhi nilikwenda kwenye mgawanyiko. Lango wakati huo halikuwa lango, yalikuwa magunia ya mchanga na vigogo vya migomba. Gwandu alikuwa ameshapita. Nikaingia majini mpaka kiunoni, nikatoa gunia moja moja upande wetu, nikayapanga upande wa wenzetu. Niliwaza, nusu saa tu. Wakigundua nitakuwa nimeshayarudisha. Maji yakageuka, yakaja upande wangu kwa kishindo kizuri sana, nikaruka mtumbwini nikiwa nimejipaka mafuta mpaka kwenye vidole vya miguu.

Kosa langu hata mtoto wa miaka mitano wa pale angeliona. Sisi wa mkono ule tulizoea kung'oa vitunguu Jumatano jioni na Alhamisi kuvilaza shambani juani, shingo zikauke. Na kwa kuwa hakuna maji ya Alhamisi, hakuna aliyehangaika kufunga mdomo wa shamba lake. Midomo yote ilikuwa wazi. Nilikuwa nimetazama mbele tu, kwenye kalavati, kumbe maji yalikuwa yananitoroka pembeni, shamba moja baada ya jingine, kulia na kushoto. Kila nilivyoshuka mtumbwi ulizidi kuwa mzito. Mti ukaanza kugusa chini mapema. Kisha chuma kikakwaruza kokoto, kwaaa, nikasimama. Mbele yangu lilibaki tope. Upande wangu wa kulia lilikuwa shamba la Mama Elia, mama mmoja wa Kilimanjaro aliyekuja kulima, na vitunguu vyake vyekundu, mavuno yake yote, vilikuwa vinaogelea.

Nilikaa pale. Sikushuka. Nilijua kwamba nikishuka mambo yataanza, kwa hiyo nilikaa. Hivyo ndivyo Ayo alivyonikuta. Alikuja kwa miguu ukingoni, viatu mkononi, kitenge kipya, mfuko begani. Alikuwa amenona kidogo. Alisimama akanitazama.

"Hiki ni nini?"

"Mtumbwi."

"Wa nani?"

"Wangu. Nilikuwa nakuja kukupokea."

Alitazama tope, akatazama vile vitunguu vinavyoelea. Mama yangu alikuwa mkulima, alielewa kila kitu kabla sijasema. Angeweza kunichapa, na angekuwa na haki. Badala yake alipandisha kitenge, akaingia kwenye chumba cha mbele, akakaa, akauweka mfuko mapajani.

"Haya. Nipeleke."

Nilisimika mti nikasukuma. Ulizama. Mtumbwi haukusogea hata kidogo. Nikasukuma tena.

"Tumefika wapi?" akauliza bila kugeuka.

"Kwa Mama Elia."

"Ana mbwa?"

"Hana."

Mabega yake yakatikisika. Alikuwa anacheka. Nami nikacheka, na katika maisha yangu yote nimesafiri sana, nimepanda mpaka ndege, lakini sijapata safari nyingine kama ile ya kukaa palepale.

Haikudumu. "Yesu wangu! Nani kafungua maji Alhamisi? Nani?" Mama Elia alikuja akikimbia, mikono kichwani. Ayo alitoka mtumbwini na kitenge chake kipya, akaingia shambani, akaanza kuokota vitunguu kutoka kwenye maji na kuvirusha ukingoni. Wengine wakaja. Mjomba akaja. Mwisho akaja Gwandu na jembe lake, akaufunga mdomo wa shamba, akanitazama. "Kapteni," alisema, "leo umepata abiria." Hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe.

Sheria ya mfereji ilikuwa moja: anayechukua maji ya zamu isiyo yake anafyeka matete ya mfereji mkuu mpaka msimu uishe, la sivyo shamba la nyumba yake linafungiwa maji. Gwandu aliisema kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo. Hapo Ayo akaenda kwenye mfuko wake. Mikono ilikuwa na tope, kwa hiyo alitoa kitu kile kwa ncha za vidole: shati jeupe la shule, jipya, bado na mikunjo ya dukani. "Nilikuja kumchukua," alisema. "Shule ya Karatu inafungua Jumatatu. Mwalimu ameshaandika jina lake. Lori linarudi saa kumi."

Mama Elia, aliyekuwa amekaa chini katikati ya hasara yake, ndiye aliyesema kwanza. "Mimi vyangu vimeshalowa. Mtoto akibaki vitakauka? Mwacheni aende akasome." Gwandu akakuna kidevu, akamtazama mjomba. Mjomba Bura akasema, na kwake hiyo ilikuwa hotuba, "Aende. Nitafyeka mimi."

Mnaona? Kila mtu alikuwa amenifungulia njia. Ningekwenda kunawa miguu tu, nikapande lori. Lakini kijana mmoja kutoka mkono wa wenzetu, waliokuja kuuliza maji yao, akasema kwa wenzake, "Kapteni anakimbia meli yake." Wakacheka. Na mimi, ambaye msimu mzima nilipita katikati ya watu wakinitazama, sikuweza kukivumilia kile kicheko mbele ya mama yangu.

"Sikimbii," nikasema. "Nitafyeka mwenyewe. Namaliza ndipo nakwenda."

"Paskali," Ayo aliita. Jina tu.

"Namaliza kwanza."

Alinitazama usoni. Nadhani alikuwa anatafuta kama nyuma ya yale maneno kuna mtoto anayetaka kubembelezwa. Alikuwepo, lakini nilimficha vizuri. Lori likapiga honi barabarani. Alilikunja lile shati, akalirudisha mfukoni. "Ukimaliza panda lori," alisema. "Nipo palepale."

Nilifyeka, na nilifyeka vizuri, Gwandu mwenyewe alikiri. Mtumbwi waliuchukua; waliupasua, wakaunyoosha kwa nyundo, ukawa mlango wa chuma pale kwenye mgawanyiko, ili asipatikane tena mtu wa kuhamisha magunia. Msimu ukaisha. Alhamisi ya kwanza dereva akaniuliza, "Unapanda?" Nikasema bado. Nilitaka aje anichukue. Sikuwa na sababu nyingine, nilitaka tu na mimi nipokelewe. Alhamisi iliyofuata nikasema bado. Kutoka Karatu zikaja salamu, sukari, kandambili, na habari kwamba ameolewa na amepata mtoto. Baada ya muda dereva aliacha kuuliza, akawa ananipungia tu mkono. Nilipofika Karatu nilikuwa na miaka kumi na minane, utingo kwenye lori, nina pesa yangu mfukoni. Nilimpelekea mama yangu nusu gunia la vitunguu, nikanywa chai, nikaaga kama mgeni. Tangu hapo nimefanya kazi. Hayo mengine Karatu yote inayajua.

Mashamba ya Mang'ola leo yana mashine za kuvuta maji, mifereji ina saruji, hakuna mtoto anayeelea. Mimi mwaka juzi nilinunua boti la faiba kutoka Mwanza, kubwa, lenye viti, nikalileta mpaka uani kwangu Karatu. Watu walicheka: Paskali amenunua boti, ataendesha kwenye lami? Nikawaambia mwenye pesa hanunui kwa kuuliza. Limekaa juu ya tairi, chini ya turubai. Wakati mwingine jioni, wageni wakiwa hawajarudi kutoka kreta, napanda nakaa. Mke wangu yuko kwao, watoto wako Arusha. Chumba cha mbele ni kikubwa kuliko kile cha zamani.

Juzi mdogo wangu Danieli, huyo mtoto wa Ayo wa Karatu, ambaye sasa ni mwalimu mkuu, alimleta mama kunisalimia, akamwacha akaenda kwenye kikao. Ayo ni mzee sasa, anatembea kwa kushika vitu. Nilileta ngazi, nikampandisha botini, nikamkalisha mbele. Nilikaa nyuma nikangoja. Nilikuwa nimengoja, kusema kweli, tangu siku nilipolinunua. Alipapasa ukingo wa faiba.

"Lile shati," alisema bila kugeuka, "nililiweka sandukuni miaka saba. Kila lori la Mang'ola likisimama sokoni, nilikuwa natoka jikoni kuangalia. Danieli alipoanza shule nikampa."

Nikauliza, "Lilimtosha?"

"Lilikuwa kubwa. Nilimkunjia mikono."

Upepo ulipita kwenye turubai. Nikamuuliza, "Ayo, nikupeleke wapi?"

"Kwa Danieli," alisema. "Jua linaenda, na wajukuu hawali mpaka wanione."

Nikashuka, nikamshika mikono yote miwili mpaka akafika chini, nikaenda kuchukua funguo. Nina magari saba. Nilimpeleka kwa lile jipya kuliko yote, polepole, yeye amekaa mbele. Barabara ni ya lami mpaka mlangoni kwa Danieli, na hatukukwama popote.